Nyayo kuwaka moto usiku: usisingizie kazi tu

Leo nasema na wewe unayetoa miguu nje ya blanketi usiku, katikati ya baridi ya Uingereza, kwa sababu nyayo zinawaka moto. Unasema ni kusimama kazini, au "ni sukari tu hiyo". Huenda. Lakini inaweza pia kuwa upungufu wa vitamini B12, nao una tiba, sindano au vidonge.

Mimi muuguzi, nimesomea nyumbani na huku, nililoweka miguu kwenye ndoo ya maji baridi miezi minane kabla ya kupimwa. Aibu yangu!

Metformin, dawa ya sukari tunayomeza miaka nenda rudi, inaweza kushusha B12. Mwaka 2022 MHRA, wakala wa dawa wa Uingereza, iliwataka madaktari wampime B12 mgonjwa wa metformin mwenye dalili. Basi ukiwa na ganzi, kuchomwachomwa, au unayumba gizani, dai kipimo hicho. Usikubali kurudi na panadol. Wala usiache dawa yako ya sukari kwa kusoma haya.

Kinachoniudhi zaidi ni vidonge vya foliki tunavyopeana "kuongeza damu". Damu inaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, na ukichelewa sana haiponi yote. Mchicha na maharage ni chakula kizuri, shangazi, lakini B12 haimo. Iko kwenye maini, nyama, dagaa, mayai na maziwa.

Kesho asubuhi piga simu kliniki.