STAA AMEKULA BATA KIJIJINI, KIJIJI KIMEBAKI NA CHUPA TUPU!

Wadau, kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, maskani yake Sinza. Wikiendi iliyopita alikodi Kosta, akajaza washkaji na wapiga picha wake, wakavuka zao Daraja la Kigamboni mpaka kijiji kimoja cha wavuvi huko mbele ambako lami imeishia. Droni ikapaa, kanga ikafungwa kiunoni, picha zikapigwa juu ya ngalawa ya watu. Chini ya posti akaandika kwamba anawainua wanakijiji kupitia utalii wa ndani. Laiki zikamiminika kama mvua ya masika.

Kasheshe ipo kwenye ile video ndefu. Kwa nyuma anaonekana bibi na tenga lake la madafu, anasikika akiuliza, "Wanangu, dafu hamnywi?" Anajibiwa, "Shikamoo bibi, tumebeba vyetu." Mashabiki wakacheka weee. Ila hapo hapakuwa pa kucheka.

Piga hesabu. Kuku na chipsi vilitoka mjini. Soda na maji vilitoka kwenye deli. Mkaa walibeba, mpishi walibeba. Mwenye ngalawa kaambulia ahsante. Kijiji kimebaki na nini? Chupa tupu mchangani. Huko ni kuhamisha bata kutoka baa kwenda ufukweni, tusikuite kuinua kijiji.

Watetezi wake wanasema kutangaza nako ni msaada. Sawa, lakini jina la kijiji mbona hakuandika? Kaandika "Paradiso". Mtu akitaka kwenda, anamwambia bodaboda ampeleke Paradiso ipi? Na hata angeandika, kama kila atakayekwenda naye anabeba deli lake, kijiji kitapata chupa nyingi zaidi, basi.

Kuna sehemu walishaelewa huu mchezo. Mto wa Mbu, pale njia ya kwenda Ngorongoro karibu na Ziwa Manyara, wana utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990. Mgeni anaongozwa na kijana wa pale pale, kwa miguu au kwa baiskeli. Anapita kwenye mpunga na migomba, anawaona wachonga vinyago, anaonja pombe ya ndizi, mchana anakula kwa mama wa kijijini. Karibu kila anaposimama, kuna mkono unaopokea hela.

Unguja nako kuna Jozani, msitu wa kima punju, hifadhi ya taifa tangu 2004. Sehemu ya hela ya kiingilio inarudi kwenye vijiji vinavyouzunguka. Malalamiko ya mgawo hayakosekani, penye hela ndiyo kawaida. Lakini angalau wanagombea kitu kilichopo.

Wala si lazima kwenda mbali. Kinondoni hapa hapa, ukipanda boti Kunduchi kwenda Mbudya, unaagiza samaki anakaangwa kisiwani hapo hapo. Nani kafa kwa kukosa chipsi za Sinza?

Vijiji navyo visijibweteke. Watu wanabeba misosi kwa sababu wanaogopa kufika wakute hakuna kitu, choo hakifai, au bei imepandishwa ghafla kwa kuona Kosta. Bei ijulikane mapema, choo kiwe kisafi, na mtu wa kuwapokea wageni awepo.

Na dawa yake ni rahisi, kupiga simu siku moja kabla. Mama lishe akijua wanakuja watu 25, anadamka alfajiri kuwasubiri wavuvi, anachagua changu wake. Hapo kapata yeye, kapata mvuvi, kapata muuza kuni, kapata na dogo wa kubeba maji. Simu moja tu.

Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016, watu wa Temeke na Kinondoni wanavuka wikiendi kama wanakwenda sokoni. Vikundi vya kuchangishana safari ndiyo usiseme. Kila kikundi kikijiwekea kwamba chakula kinanunuliwa hapo hapo na chupa zinarudi mjini, vijiji vitaiona tofauti bila kusubiri mfadhili.

Bibi wa madafu ametazamwa na maelfu ya watu. Hakuuza hata dafu moja.

Wadau, staa wetu kakosea au anaonewa tu? Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.