Cheti cha Kidato cha Sita Hakiozi

Matokeo ya Kidato cha Sita yalipotoka Julai, nilipigiwa simu nikiwa Same mjini. "Shemeji, panda uje. Mwanao ameharibikiwa." Nikachukua gari la Kisiwani, nikashuka Maore, nikapandisha hadi Mamba Miamba, na njia nzima nilikuwa najiuliza ni ugonjwa au ni polisi. Nikakuta ukoo mzima umekaa kikao. Binti wa dada yangu alikuwa amepata daraja la pili katika mchepuo wa HGE, na kosa lake ni kusema kwamba mwaka huu haombi chuo. Anataka mwaka mmoja wa kulima tangawizi na kuifuata hadi sokoni, aelewe kwa nini mnunuzi anakuja na gunia la lumbesa na bei aliyokwisha kuipanga mwenyewe. Baada ya hapo ndipo aombe.

Kila mzee alisema neno lilelile kwa namna yake. Akikaa nyumbani harudi tena. Akishika hela, kitabu kwaheri. Na kwa kuwa ni binti, la mwisho lilisemwa kwa sauti ya chini: atapata mimba.

Imani hii nimeisikia Upareni maisha yangu yote, Usangi hadi Hedaru, na nasema ni imani mbaya. Najua ilikotoka. Milima hii iliipata shule mapema, kwa Walutheri na kwa Waadventista, na mtoto wa Usangi, Cleopa Msuya, alitoka hapa akapitia Makerere na kufika kwenye uwaziri mkuu. Wazazi wetu waliuza mbuzi ili tusome. Lakini heshima ile kwa elimu imegeuka kuwa woga wa kalenda, na woga huo unawaumiza watoto.

Tazama unavyofanya kazi. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la udahili linakaa wazi kwa wiki kadhaa, na ndani ya wiki hizo kijana wa miaka 19 au 20 anatakiwa kuchagua kazi ya maisha. Nimekaa kwenye steshenari za Same msimu huo. Mwenye kompyuta anauliza, "Tuweke kozi gani?" Kijana anamtazama baba yake, na baba anatazama saa, asije akakosa gari la mlimani. Wanaweka kozi ambayo mwenye kompyuta anasema ina nafasi nyingi. Hivyo ndivyo miaka mitatu ya ujana inavyogawiwa. Anayekuja kugundua mwaka wa pili kwamba kozi ile haimfai, akaacha, deni la Bodi ya Mikopo linabaki lake. Anayemaliza na kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Deni kubwa namna hiyo tunawasainisha watoto kwa haraka ambayo hatungekubali hata tunaponunua ng'ombe.

Na haraka yenyewe haina sababu. Cheti cha Kidato cha Sita hakiozi. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni inapokea waombaji waliomaliza ndani ya miaka mitano. Anayekwambia kwamba mwaka mmoja unafunga mlango, mwambie akuonyeshe ni kifungu gani kinasema hivyo.

Wazee wale wamesahau pia kwamba nchi hii iliwahi kulazimisha jambo wanaloliogopa. Azimio la Musoma la 1974 lilisema anayemaliza Kidato cha Sita apite JKT, kisha afanye kazi, na baada ya miaka kama miwili ndipo aombe Chuo Kikuu, tena kwa kupendekezwa na mwajiri wake na tawi la TANU. Taifa halikufa, na waliopita njia ile ndio baadhi ya wazee tunaowapigia shikamoo leo.

Sera ile ilikuwa na jeraha, na hapa wazee wangu wana hoja. Idadi ya wasichana Chuo Kikuu ilishuka, hata serikali ikalazimika baada ya muda mfupi kuwaruhusu waingie moja kwa moja. Wengi walimezwa na ndoa na kazi za nyumbani. Lakini kosa lilikuwa wapi? Msichana aliyeachwa nyumbani bila shamba lake, bila mshahara wala siku ya kurudi, alikuwa ameshageuzwa mtumishi wa watu. Huyo hakupotezwa na mwaka. Alipotezwa na sisi, na ndiyo maana naona uchungu tunapomtupia yeye aibu ambayo ni yetu.

Niliwauliza pale kikaoni: babu zetu walichimba ndiva, yale mabwawa ya maji ya mlimani, kwa nini? Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikiachia moja kwa moja kwenye mfereji, udongo unakinywa kabla hakijafika shamba la chini. Ndipo maji yanazuiwa yalale usiku kucha, asubuhi ndiva inazibuliwa, na yanashuka kwa nguvu hadi shamba la mwisho. Sijamsikia Mpare akisema maji yaliyolala ndivani yamepotea.

Baba mkubwa wa binti akatikisa kichwa. "Shemeji, maji hayana marafiki wa kuyapotosha." Nikamjibu kwamba mwaka wa kukaa tu barazani hata mimi naukataa. Natetea mwaka wenye kazi, wenye hesabu zilizoandikwa, na wenye tarehe ambayo sote tunaijua: siku dirisha la udahili litakapofunguliwa tena.

Dada yangu alikuwa kimya muda wote. Akauliza swali moja tu: "Akibaki, nguvu zake zitalipwa na nani?"

Hakuna aliyejibu mara moja. Kisha baba mkubwa akaomba jembe, tukatoka wote nje. Akapima kwa hatua robo eka chini ya mfereji, akachimbia kijiti kila kona, akamwambia binti kwamba tangawizi itakayotoka humo ni yake, na mnunuzi atakayekuja azungumze naye mwenyewe. Tangawizi hukomaa kwa miezi minane hadi kumi. Akiipanda kwa mvua za vuli, atakuwa anaivuna wakati dirisha linapofunguliwa tena.