Mlezi wa Nyumbani Naye Ana Neno Katika Sera ya Elimu ya Awali

Linapotajwa suala la elimu ya mtoto mdogo, fikra zetu sisi walimu huelekea moja kwa moja kwenye darasa la awali: ubao, mkeka, vifaa vya kuhesabia na mwalimu aliyehitimu. Ni nadra kumfikiria yule mama wa mtaani ambaye tangu alfajiri hupokea watoto wanne au watano wa majirani zake, kuwalisha, kuwaogesha na kukaa nao hadi wazazi warudi kutoka sokoni, kiwandani au shambani. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwamba mlezi huyo ni mwalimu wa kwanza wa watoto wengi tunaowapokea, na kwamba sera ya elimu ya awali haitakamilika iwapo yeye hatashirikishwa katika kuitunga.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1981 ilitungwa hapa Tanzania sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi, kwa watoto wa miaka 5 na 6. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikachukua nafasi ya ile ya 1981, na sera ya mwaka 2014 ikataka mtoto wa kati ya miaka 3 na 5 apate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26. Programu hiyo ilisimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama wa mtoto.

Hatua hizi zote ni za kupongezwa. Hata hivyo, masharti yetu humtazama zaidi mwenye kituo, yaani mwenye jengo, uwanja na walezi waliopata mafunzo. Mlezi mwenye chumba kimoja na ua mdogo hawezi kuyatimiza. Lakini haachi kulea, kwa sababu majirani bado wanamhitaji. Anachofanya ni kujificha. Akijificha, afisa ustawi wa jamii hamfikii, mhudumu wa afya hamfikii, nasi walimu hatumfikii. Jiko la mkaa hubaki karibu na watoto watambaao, wala hapana wa kumshauri alihamishe. Hivyo masharti yaliyokusudiwa kumlinda mtoto huishia kumweka mbali na macho ya wale ambao wangeweza kumlinda.

Wako watakaouliza: mama ambaye pengine hakumaliza darasa la saba ataeleza nini juu ya sera? Jibu ni kwamba ataeleza yale ambayo mtaalamu hayaoni akiwa ofisini. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chukua mfano wa saa za masomo. Mtoto wa darasa la awali huruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri, ilhali mama yake muuza samaki hurejea jioni. Anayempokea mtoto huyo mchana, mara nyingi akiwa na njaa, ni mlezi wa nyumbani. Yeye ndiye ajuaye ni wazazi wangapi huwaacha watoto wao wasiende shule kwa sababu tu hapana mtu wa kuwavusha barabara saa tano. Huo ni ushahidi wa kutosha wa kuanzia mjadala wa ratiba.

Kadhalika mlezi huyo ajua ni mtoto yupi hazungumzi Kiswahili nyumbani kwao, yupi husikia kwa shida, na yupi huhesabu vizibo vya soda hadi ishirini bila ya kufundishwa na mtu. Huwatega watoto vitendawili, huwatolea hadithi na kuwagawia magunzi wajenge nyumba. Sisi vyuoni huyaita mambo hayo mbinu za kufundishia, na kuwatungia wanachuo maswali ya mtihani juu yake.

Sisemi kwamba kila nyumba yafaa kulelea watoto. Zipo zilizo na msongamano, zipo zenye visima visivyofunikwa, na wapo walezi wenye mkono mwepesi wa kuchapa. Kumsikiliza mlezi si kumwondolea wajibu. Bali ni dhahiri kwamba mtu hulishika kwa moyo sharti ambalo yeye mwenyewe alishauriwa juu yake, na hulikwepa lile lililomshukia kutoka juu.

Je, nafasi ya kushiriki ipo? Ipo. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 21, yampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi ya mambo yanayomhusu. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu, na kamati ya maendeleo ya kata hupeleka mapendekezo kwenye halmashauri. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mlezi kwamba milango hiyo ni yake pia.

Hapo ndipo vyuo vya ualimu vinapohusika. Napendekeza mambo manne. Kwanza, wanachuo wanapokwenda mazoezi ya kufundisha, kila mmoja amtembelee angalau mlezi mmoja wa watoto wa darasa lake, aende kujifunza na wala si kukagua. Pili, vyuo viwasaidie walezi wa mtaa mmoja kukutana, kwa saa wanazoziweza wao na watoto wakiwapo, wachague msemaji wao. Tatu, maneno yao yaandikwe katika daftari kama walivyoyasema, yapelekwe kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kisha kwenye kata. Nne, majibu yarudishwe kwao, hata kama ni ya kukataliwa. Mtu aliyetoa maoni asijibiwe hatatoa tena.

Mipango huandikwa, hufika ukingoni na kuandikwa upya. Itakapokuja zamu ya mpango mwingine wa malezi ya awali, wataitwa maofisa, wataalamu na wafadhili. Ni wajibu wetu sisi wakufunzi kuhakikisha kwamba katika kikao hicho yupo pia mama aliyekuja na daftari la mtaani kwake, na kwamba anapewa nafasi ya kulisoma.