Mlango wa Kilindini na Sisi wa Reli

Ndugu wafanyi kazi,

Watu wa bara hudhani Mombasa ni pahali pa kupumzika na kula samaki. Mimi nasema ni mlango, na mwenye kushika mlango ameshika nyumba. Wareno walijua, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Waarabu wa Omani wakaizingira karibu miaka mitatu hata ikaanguka 1698. Waingereza walikodi Mwambao kwa Sultani wa Unguja mwaka 1895, na mwaka uliofuata reli ikaanzia hapo hapo. Ndiyo maana watu wa Mwambao walipotaka kujitenga, wakubwa wa Nairobi hawakukubali hata kidogo. Reli bila bandari ni koo bila mdomo. Tarehe 8 Oktoba 1963 Kenyatta na Shamte walitia sahihi, maneno yakaisha (kwenye karatasi, maana kilio cha ardhi hakikuisha).

Lakini katika habari hizo zote kuli hatajwi. Januari 1947 watu wa gati na watu wa reli waligoma pamoja, kama 15,000, wakikutana Kiwanja cha Maskini. Kisiwa kikanyamaza. Kiongozi wao Chege Kibachia alikamatwa baadaye mwaka ule, akahamishiwa mbali. Mwaka 1955 gati liligoma tena, Tom Mboya akaja, na mshahara ukapanda kwa asilimia 33. Hawakutoa kwa huruma. Meli zilikuwa zikingoja, na Uganda nayo ilikuwa ikingoja.

Sasa neno langu. Mwaka 2019 ilipotoka amri kwamba makontena ya bara yapande treni mpya, wengi wetu tulifurahi. Hata mimi, sitaficha. Jirani yangu Changamwe alikuwa dereva wa lori. Lori likasimama, watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Watu waliandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu, nami sikwenda hata mara moja. Septemba 2022 Rais mpya alirudisha kazi ile bandarini, wala si sisi tuliomwomba.

Amri ya namna hiyo yaweza kurudi, na safari nyingine huenda ikatunyang'anya sisi mzigo. Naomba mkutano ujao wa tawi uite watu wa gati na wa malori, tukae nao kabla haijatoka.

Ni mimi, mtumishi wa reli, Changamwe