Muhuri wa Chifu Hauhamishi Ardhi

Imekita mizizi huku kwetu Bumala, kama katika masoko mengine yaliyofuatana kwenye barabara ya Kisumu hadi Busia, itikadi ya kwamba mwenye kununua kiwanja cha kujengea nyumba hana haja ya wakili, maadamu yupo chifu mwenye muhuri, yupo liguru aijuaye mipaka, na wapo majirani wa kutia sahihi. Ati wakili ni mla jasho la wenziwe, atozaye maelfu kwa karatasi mbili ambazo karani wa sokoni angeziandika kwa mia chache. Itikadi hiyo ni potofu, na hasara yake aghalabu huwaangukia wale wasio na akiba ya kununulia mara ya pili.

Sidai kwamba mapatano ya ofisini kwa chifu ni upuzi mtupu. Sheria ya Mikataba yataka mauzo ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote, na kila sahihi iwe na shahidi wake. Na hayo yaweza kutimizwa mbele ya chifu. Walakini mkataba ni ahadi tu, ilhali milki, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, huhama pale jina la mnunuzi linapoingia katika daftari la msajili. Na baina ya ahadi na daftari imesimama Bodi ya Ardhi, ambayo idhini yake, kwa kila shamba la kilimo lililo chini ya sheria ya mwaka 1967, sharti iombwe katika muda wa miezi 6 tangu mapatano kufanywa. Isipopatikana, mauzo huwa batili, na yule aliyedhani amenunua ardhi hujikuta ni mdai wa fedha zake mwenyewe.

Balaa huzidi kwa kuwa mashamba mengi yangali yameandikwa kwa jina la babu aliyekwisha kufariki, na wajukuu huyakatakata na kuyauza kana kwamba mirathi imekwisha gawanywa, hali Sheria ya Urithi yamkataza hata msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kuuza ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa. Mnunuzi aliyelipa mbele ya liguru huja kutambua, siku wanapotokea ami na mashangazi, kwamba muuzaji hakuwa na cha kuuza. Upekuzi katika masjala ya ardhi ya Busia ungalimwonyesha jina la babu huyo kabla hajatoa hata senti. Na kufanya upekuzi huo, kuufahamu, na kumzuia mteja asilipe ikibidi, ndiyo kazi ya wakili.

Tuutazame sasa huo ujira unaolalamikiwa. Chukua kiwanja cha shilingi 600,000 kilichoko mashambani. Ushuru wa stempu ni 2 kwa mia, yaani 12,000, na kingekuwa ndani ya manispaa ungekuwa 4 kwa mia; fedha hizo ni za serikali. Ujira wa wakili, kwa kipimo kilichotangazwa mwaka 2014, haupungui 35,000, na sheria yamkataza kuushusha ili kuwapokonya wenzake wateja; akiwa amesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, huongezwa 16 kwa mia, yaani 5,600, ambazo nazo ni za serikali. Muuzaji kwa upande wake, ardhi ikiwa ya bei kubwa zaidi isiyosamehewa, hudaiwa kodi ya faida aliyoipata, 15 kwa mia tangu mwaka 2023. Watu huyajumlisha haya yote, wakayaita pesa za wakili, kisha wakamlaani mtu kwa kodi asiyoila.

Yamkini atatokea wa kunipinga, akasema kwamba Mahakama ya Rufaa, katika hukumu za mwaka 2014 na 2018, iliwakingia wanunuzi wasio na idhini ya Bodi, ikikataa muuzaji aliyekwisha pokea fedha na kuwaingiza shambani ageuke na kuwafukuza. Ni kweli, lakini wanunuzi hao iliwalazimu kupigania haki yao hadi rufaa, na kesi ya namna hiyo haiendeshwi bure wala haimalizwi kwa mwezi mmoja. Aliyemkimbia wakili wa mkataba humlipa wakili wa kesi.

Nao mawakili wana lawama yao, kwa kutaja jumla moja pasipo kueleza kipi ni kodi na kipi ni ujira. Basi mnunuzi na adai mchanganuo kwa maandishi kabla ya kulipa, ahakikishe kwamba wakili ana cheti cha mwaka huo, wala asikubali wakili wa muuzaji awe ndiye wake. Akishuku hesabu, mahakama ina afisa wa kuikagua. Akidhulumiwa, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Na yule aliye na bei ya kiwanja lakini hana gharama za kukihamisha, huyo fedha zake hazijatosha kununua, na angoje.