Mtoto wa Mbwa Ukumbini: Kosa Ni la Nani?

Siku hizi si ajabu kupita katika mitaa ya Kisauni, Likoni au Ukunda, ukasikia mbwa akibweka ndani ya ua wa Mwislamu. Zamani sauti hiyo ingalimfanya mpita njia asimame na kuuliza. Lakini wezi wamezidi. Leo wanang'oa mita ya maji, kesho wanabeba pampu ya kisima, na bawabu wa usiku ataka mshahara ambao si kila mwenye nyumba anaumudu. Basi mtu hupewa mtoto wa mbwa na rafiki yake wa shamba, akamleta nyumbani ndani ya katoni, na hapo ndipo mashaka yanapoanza.

Kuna nyumba moja huko Kisauni, ambayo hatutaitaja, tuliyoshuhudia mashaka hayo kwa macho yetu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili aliletwa jioni, na kwa kuwa ilikuwa mvua ya masika, akawekwa ukumbini "mpaka kesho". Kesho ikawa juma zima. Siku ya kwanza alikojoa mlangoni mwa chumba cha watoto. Siku ya pili akaacha kinyesi chini ya meza. Siku ya nne, alfajiri, nyanya wa nyumba ile alipoushika msala wake aliokuwa ameuacha juu ya mkeka, aliuona umelowa.

Zogo lililozuka hapo lilifika nyumba ya tatu. Kijana wa nyumba alimkamata mbwa shingoni, akamsugua pua katika ule mkojo, kisha akamchapa kwa kandambili. Siku iliyofuata mbwa alikojoa tena ndani, ila safari hii alikwenda nyuma ya kabati, mahali ambapo hapakujulikana mpaka harufu ilipowaongoza watu. Baba mwenye nyumba akakata shauri: atiwe katika katoni ile ile aliyokuja nayo, akatupwe jaani.

Sisi twaona kwamba kosa halikuwa la mbwa. Mbwa yule hakuambiwa na mtu yeyote mahali pake pa haja ni wapi. Tena, aliwekwa mahali ambapo hakustahili kuwekwa tangu saa ya kwanza.

Wengi wetu katika pwani hii twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na kwayo mbwa ni najisi nzito, yeye na mate yake, mkojo wake na kinyesi chake. Kilichoguswa naye kwa unyevu huoshwa mara saba, na moja ya hizo huwa kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Hayo kila mtoto wa chuoni ayajua. Lisilosemwa sana ni kwamba masheikh wa madhehebu hayo hayo hawakuufunga mlango wa kufuga mbwa kwa haja ya kweli. Hadithi zimetaja mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliona kuwa kauli iliyo sahihi zaidi ni kuruhusu pia mbwa wa kulinda nyumba, na hata kumlea mtoto wa mbwa ili afundishwe kazi hiyo. Kwa hivyo anayemtaka mbwa mlinzi hana haja ya kujificha na majirani. Lakini yampasa kukumbuka kuwa ameruhusiwa mlinzi, na mlinzi hukaa nje. Yule wa Kisauni alianza kulala ukumbini, ndani kabisa, baina ya vyumba. Mtu humzoesha mbwa ndani kwa siku saba, kisha humshangaa akitaka kuingia siku ya nane!

Na tusisahau habari ya maji. Katika mji ambao mfereji hutoka leo ukakauka siku kadhaa, na mtungi wa lita 20 ununuliwe kwa mwenye mkokoteni, kuosha zulia mara saba si jambo la kusema tu. Mtungi mmoja hautoshi. Katika nyumba ile, kwa juma lile moja, maji ya kupikia na ya kuogea yalikwenda sakafuni, na nyanya alikuwa akiswali juu ya khanga kwa kuwa msala ulikuwa kambani haujakauka. Mzee wa miaka yake kukosa utulivu wa swala ndani ya nyumba ya mwanawe si jambo dogo.

Ajabu ni kwamba nyanya huyo huyo ndiye aliyeizuia katoni mlangoni. Yeye ni Mdigo, mzaliwa wa Kwale. Alimwuliza mwanawe mbele yetu: "Wewe nilikufundisha haja kabla hujajua kukaa kitako. Nilikupiga?" Mwanawe akasema, "La, mama." Akaambiwa, "Basi huyu mnampigia nini?"

Kwa wasiojua, maneno ya bibi huyo yana uzito kuliko yanavyosikika. Mwaka 1977 watafiti wawili, Marten na Rachel deVries, waliandika katika jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, juu ya jinsi kina mama wa Kidigo wanavyowafundisha watoto wao wachanga haja. Mama huanza katika majuma ya mwanzo kabisa baada ya kuzaa. Huketi chini nje ya nyumba, miguu ameinyoosha, mtoto amempakata baina ya miguu, akamfanyia sauti ya "shuu". Mtoto akikojoa, hunyonyeshwa au huchezeshwa. Mama huzijua dalili za mtoto wake na hamwachi mpaka ajichafue. Watafiti hao waliona watoto wa miezi mitano au sita wakikaa wakavu mchana na usiku, na wakati huo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiwashauri wazazi wangoje hadi mwaka mmoja na nusu au zaidi. Elimu hiyo ilitoka uani kwetu, na haikuwa na kiboko ndani yake.

Tunaomba radhi mapema kwa atakayeona tumemlinganisha mwana wa Adamu na mbwa. Hatulinganishi heshima. Twasema njia ni moja: kujua wakati, kumpeleka mahali pamoja, na kumpa kitu kizuri pale pale anapopatia.

Wakati wenyewe haufichiki. Mtoto wa mbwa huenda haja anapoamka, muda mfupi baada ya kula au kunywa, na baada ya mchezo. Kabla ya hapo hunusanusa chini na kuzungukazunguka. Aliye na miezi miwili hawezi kujizuia kwa zaidi ya saa mbili au tatu anapokuwa macho, na kila mwezi unaopita humwongezea yapata saa moja. Kwa hivyo anayedhani kuwa ataifuata ratiba ya swala tano kumtoa mbwa wake, ataipatia nusu tu. Baada ya Alfajiri ni wakati mzuri, maana watu wameamka na mbwa ameamka. Lakini baina ya Alfajiri na Adhuhuri kuna saa saba hivi, na mtoto wa mbwa hazingoji. Yapasa atolewe mara nyingine katikati, mara mbili au tatu. Chakula cha mwisho apewe kabla ya Magharibi, atolewe baada ya Isha, na tena kabla ya watu kulala. Katika majuma ya mwanzo mtu mmoja ataamka usiku wa manane, mara moja. Ndivyo mtoto mchanga wa chochote alivyo. Maji asinyimwe kwa joto hili la pwani eti asikojoe.

Mahali pawe pamoja kila siku: pembe ya ua iliyo mbali na kisima, na mbali na pale watu wanapotawadhia. Apelekwe kwa kamba, asiachwe ajiendee, na mtu asimame naye kimya mpaka amalize. Akimaliza tu, hapo hapo, apewe kipande cha chakula na asifiwe. Ukirudi naye mlangoni kwanza ndipo umpe, umemlipa kwa kurudi. Alale bandani, pakavu, pasipoingia mvua, na banda lisiwe kubwa kupita kiasi. Mbwa kwa maumbile yake hapendi kuchafua anapolala. Tangu akiwa na majuma matatu hivi hujikokota kutoka kwenye malazi ya mama yake ili aende haja pembeni. Ikiwa mvua haikatiki, sinia kuukuu lenye mchanga chini ya paa la ua lafaa sana. Wengine hutandaza magazeti. Hatuna kinyongo na hilo, ila msomaji aangalie asitandaze ukurasa wenye jina la Mwenyezi Mungu. Mchanga ni salama zaidi, nao haukosekani pwani.

Kazi hii apewe mtu mmoja au wawili wanaojulikana, wenye nguo zao za kazi hiyo zisizokuwa za kuswalia. Sahani ya mbwa iwe yake, isipite jikoni. Na mlango wa ukumbi uwekewe ubao wa kufika magotini mwa mtu, kwa miezi michache tu, kwa kuwa mtoto wa mbwa hawezi kuuruka. Fundi wa kawaida aupigilia kwa nusu saa. Ubao huo peke yake ungaliuokoa msala wa nyanya.

Sasa habari ya kumsugua pua. Desturi hii imeenea sana na haina faida hata moja. Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotukia dakika ile ile. Alikojoa zamani, wewe umekuja sasa. Alijualo ni kwamba wewe ukija kuna kipigo, au kwamba si salama kukojoa mbele ya mtu. Kwa hivyo hatakojoa tena mbele yako, hata ukimpeleka uani ukamngoja saa nzima. Atakwenda nyuma ya kabati. Yale macho ya kuinama ambayo watu husema "aona haya, ajua alilofanya", ni woga wa uso wako uliokunjamana. Ukimkuta katikati ya tendo, piga kofi la mikono tu, umwondoe haraka, amalizie nje. Ukimkuta amekwisha, safisha unyamaze.

Na kusafisha kuna mambo mawili. La tohara limekwisha kuelezwa. La pili ni harufu, kwa kuwa mbwa hurejea alikosikia harufu yake. Sabuni zenye amonia hazifai, maana amonia yanuka kama mkojo wenyewe, na humwita. Siki iliyotiwa maji hupunguza harufu hiyo katika sakafu ya saruji. Kwa mkeka wa ukili uliokwisha kunywa mkojo hatuna ushauri mzuri.

Mbwa wengi hushika adabu hii wakiwa na miezi minne hadi sita, wengine huchelewa. Lakini aliyekuwa amekwisha shika, kisha akaanza upya kukojoa ovyo au kuharisha, huyo ni mgonjwa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Minyoo ya mbwa haiwaachi watoto wanaocheza mchangani, kwa hivyo kinyesi kizolewe kila siku na kufukiwa.

Tumeandika kwa urefu juu ya jambo ambalo wengine watacheka kuliona gazetini, na sababu yake ni ile katoni. Mbwa akitupwa jaani hafi wote. Hukua, huzaa, hatachanjwa na mtu, na ndiye atakayekutana na watoto wetu wakienda chuoni asubuhi. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili zake kwa binadamu, karibu hapana anayepona. Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu ufikapo mwaka 2030, na mpango huo wategemea kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wa jaani hana mwenyewe wa kumpeleka akachanjwe. Mbwa wa ua anaye: achomwe sindano ya kwanza akiwa na miezi mitatu, na baadaye kila mwaka. Na aliyeumwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kuona mbwa atakuwaje.

Tulipita tena katika nyumba ile majuma sita baadaye. Banda limejengwa chini ya mwembe, kwa mabati mawili ya zamani. Ubao umo mlangoni, na wajukuu wanauruka kwa fujo kuliko haja. Kijana aliyekuwa na kandambili ndiye aliyepewa kazi ya kuamka usiku, kwa amri ya nyanya yake. Alituambia kwamba mbwa amekosea mara mbili tu tangu atolewe nje, zote mbili barazani, na mara ya pili ilikuwa siku aliyolala yeye mwenyewe akapitiwa.