Kifo si Kipimo cha Kutosha: Shaba ya Baharini na Bakteria wa Sifongo

Katika vitabu vingi vya elimu-viumbe vya shule za sekondari, sifongo hupewa ukurasa mmoja, na ukurasa wenyewe husomwa kwa haraka. Mwanafunzi hujifunza kwamba mnyama huyu hana mdomo, hana tumbo wala mishipa ya fahamu. Kwamba maji huingia kwa vitundu vidogo vilivyoenea mwilini mwake na kutokea katika tundu kubwa lililo juu. Baada ya hapo darasa huhamia kwa wanyama wanaohesabiwa kuwa bora zaidi. Lisilosemwa ni kwamba sifongo wengi si mnyama peke yake, bali ni jamii nzima. Katika baadhi ya aina, bakteria na vijidudu wenzao huweza kufikia thuluthi moja ya uzito wa mwili, au hata kupita hapo. Mililita moja ya maji ya bahari huwa na bakteria wapatao milioni moja. Gramu moja ya sifongo wa aina hizo huweza kuwa na mamia ya mamilioni, na pengine mabilioni.

Wageni hawa hawakai bure. Katika miaka ya 1970 Jean Vacelet, Mfaransa aliyechunguza sifongo wa Bahari ya Kati kwa hadubini ya elektroni, alionyesha jinsi bakteria walivyojazana baina ya seli za mwenyeji wao. Muda si mrefu baadaye Clive Wilkinson alidhihirisha huko Australia kwamba sifongo kadhaa wa miamba ya matumbawe hulishwa na bakteria wenye rangi ya kijani-buluu, watengenezao sukari kwa mwanga wa jua kama yafanyavyo majani ya mti. Wapo wengine wanaobadili amonia, ambayo ni taka ya mwili wa sifongo, isije ikamdhuru. Wapo pia watengenezao kemikali kali za kuwazuia samaki na maadui wengine; na sifongo, asiyeweza kukimbia, ana haja kubwa na silaha hizo. Nyingi ya kemikali zinazotafutwa na waganga leo katika sifongo hutoka kwa bakteria hao, wala si kwa mnyama mwenyewe.

Jamii ya namna hii yapasa iangaliwe kwa makini pale maji yanapoingiwa na metali, kwa sababu sifongo ni pampu. Hukadiriwa kwamba sifongo mwenye uzito wa kilo moja aweza kupitisha mwilini mwake hadi lita 24,000 za maji kwa siku. Mwalimu aweza kulifanya jambo hili hesabu ya ubaoni. Maji yakiwa na mikrogramu 1.7 tu za shaba katika kila lita (na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu), basi miligramu 41 hivi za shaba hupita ndani ya mnyama huyo kila kutwa. Si zote hubaki, lakini kila sehemu ya mwili wake huoshwa kwa maji hayo, usiku na mchana, pasipo kupumzika.

Shaba si sumu kwa asili yake. Kila kiumbe huihitaji kidogo, kwa kuwa imo katika vimeng'enya vinavyosaidia seli kupumua. Inapozidi ndipo hugeuka adui: hung'ang'ania sehemu za protini zenye salfa, huondoa chuma mahali pake, na kuzalisha oksijeni kali inayochoma utando wa seli. Bakteria ni seli moja tu, na hana ngozi nene wala ini la kumkinga.

Mwaka 2001 Nicole Webster na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Townsville nchini Australia, walitoa matokeo ya jaribio lililostahili kusomwa zaidi ya lilivyosomwa. Walichukua sifongo aitwaye Rhopaloeides odorabile, mkazi wa Mwamba Mkuu wa Matumbawe, wakamweka katika maji yenye viwango mbalimbali vya shaba. Baada ya siku 14, bakteria walikuwa wamepungua dhahiri hata katika maji yenye mikrogramu 1.7 kwa lita. Kwa kiwango cha mikrogramu 19.4, katika muda huohuo, idadi ya aina za bakteria zilizotambuliwa ilishuka kwa asilimia 46. Wengi walipungua, umbo moja la bakteria, kinyume chake, liliongezeka. Hivyo shaba haikupunguza idadi peke yake, bali iliivuruga jamii na kuwapa nafasi wale wachache walioweza kuistahimili.

Hapo ndipo penye hoja. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia hifadhi ya mazingira liliweka mikrogramu 3.1 za shaba kwa lita kuwa kiwango ambacho viumbe wa maji ya chumvi waweza kuishi nacho kwa muda mrefu. Kiwango hicho kimefuatwa na wengi kama mfano. Ni karibu maradufu ya kile kilichowapunguza bakteria wa sifongo wa Australia. Ni kweli kwamba jaribio lile lilihusu sifongo wa aina moja, tena ndani ya matangi, na kwamba baharini sehemu ya shaba hushikwa na mabaki ya viumbe isidhuru sana. Lakini tofauti hiyo haikutokea kwa bahati mbaya. Viwango vya namna hii hutungwa kwa kuwatazama wanyama kama chaza, kome, kamba na samaki: wangapi wamekufa, wangapi wameshindwa kukua au kuzaa. Hakuna anayewauliza bakteria walio ndani ya mnyama. Mnyama akiwa hai mwishoni mwa jaribio huandikwa kuwa mzima, hata kama waliomlisha, waliomsafisha na waliomlinda wamekwisha kutoweka nusu.

Wapo watakaojibu kwamba maumbile yana njia zake za kujitibu, nao watamtaja sifongo wa Bahari ya Shamu aitwaye Theonella swinhoei. Mnyama huyo hukusanya aseniki kwa wingi wa kushangaza, na mwaka 2017 ilielezwa kwamba kazi hiyo hufanywa na bakteria wake aitwaye Entotheonella, ambaye huigandisha aseniki pamoja na bariamu kuwa chembe ngumu ndani ya seli yake, zisimdhuru mwenyeji. Mfano huo ni mzuri, lakini hautetei uchafuzi. Urafiki wa namna ile ni kazi ya vizazi visivyohesabika. Rangi ya meli huvuja kwa miezi. Zaidi ya hayo, bakteria wanaozoea metali mara nyingi hubeba kinga hiyo katika vipande vya urithi vinavyoweza kupitishwa kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, na vipande hivyo aghalabu hubeba pia kinga dhidi ya dawa za hospitali. Anayefurahia kuona bakteria wamestahimili shaba aulize kwanza wamestahimili na nini kingine.

Na shaba hiyo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka viwandani na katika maji taka ya miji, lakini sehemu kubwa hupakwa kwa makusudi. Mnamo mwaka 1761 Waingereza waliifunika meli yao ya kivita, Alarm, kwa mabati ya shaba ili minyoo na chaza wasiishambulie. Leo shaba imo katika rangi ya kuzuia viumbe kuota chini ya meli, na imeongezeka tangu mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, ulipopiga marufuku rangi zenye bati, ambazo zilikuwa mbaya zaidi. Rangi hii huwekwa ili iue. Ni ajabu kudhani kwamba itaua chaza aliye ubaoni na kumwacha bakteria aliye mwambani. (Mabaharia wa jahazi walipaka deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Kazi yake ilikuwa ya kuchosha na ilirudiwa mara kwa mara, lakini haikuwa na shaba.)

Jambo hili si la Australia pekee. Huko Jambiani, Unguja, wanawake waliokuwa wakilima mwani wamekuwa wakilima sifongo tangu mwaka 2009: hukata vipande, huvitunga katika kamba ndani ya maji ya kina kifupi, na kuviuza vikishakua. Kwao mnyama aliyedhoofika pasipo dalili ni hasara ya miezi mingi. Mbali na hapo, katika hori za Msimbazi na Mzinga jijini Dar es Salaam, na Makupa huko Mombasa, wanasayansi wamekwisha kupima metali katika tope na viumbe. Vipimo hivyo ni vya lazima, lakini hueleza ni kiasi gani cha shaba kimo, wala havielezi kimewafanyia nini wakazi wasioonekana.

Gharama ya kujua si kubwa kama ilivyokuwa mwaka 2001, kwa kuwa kusoma urithi wa bakteria kumerahisika mno. Kinachokosekana ni vielelezo vya zamani vya kulinganisha navyo. Kila kituo cha utafiti wa bahari kingeweza, mara moja kwa mwaka, kukata kipande kidogo cha sifongo wa aina ileile, mahali palepale, karibu na bandari na mbali nayo, kukitia katika kichupa cha alkoholi na kukihifadhi katika baridi. Sifongo hupona jeraha kama hilo. Kazi hiyo haina budi kuanza kabla gati jipya halijajengwa, maana baada ya hapo hakuna atakayeweza kusema bakteria walikuwa wangapi, wala wa aina gani, siku moja kabla ya meli ya kwanza kutia nanga.